Mgongo Kwanza

Hapa mjini ukimwambia mtu kazi yako ni fremu, anakuuliza iko mtaa gani na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mingapi. Maisha yangu yote ya kazi nimeeleza kwamba fremu zangu si za kupanga duka, ni za kuwekea picha, na mwaka huu huu jirani yangu wa Tandika kaniuliza kama nimeshapata mpangaji. Basi nalimaliza hilo mapema tusipotezeane muda. Mie ni Somoe, fundi fremu, Mwenge, nyuma ya wachonga vinyago. Nimeacha kazi mwezi uliopita. Hakuna aliyenistaafisha ila macho: nilipima kioo kimoja mara tatu nikapata vipimo vitatu, nikaiweka chini futi kamba, nikajua basi.

Haya nawaandikia nyie wawili mnaobaki na duka, Neema na Shabani. Mliniomba niwaandikie kazi inavyokwenda, kwa sababu mnasema nikieleza kwa mdomo nakuwa mkali. Sawa. Kuna na jambo jingine la mle dukani ambalo hamlijui, na sitaki mlisikie kwa watu. Litakuja mahali pake. Jinsi duka lilivyokuja kuwa mikononi mwangu siandiki, ni habari za makaratasi na zinanichosha.

Nilitoka Masasi nikiwa mtu mzima, nimeachika, nikaanza kuwauzia chai na maandazi wachongaji wa Mwenge. Katikati yao alikuwapo Fundi Anafi, naye mtu wa kwetu kusini, mwenye duka la fremu. Kila nikimpelekea chai nilikuwa nasogeza picha zake ukutani, maana zilikuwa zimepinda na zinaniumiza macho. Siku moja akachukua pima maji, akaipachika juu ya picha niliyoisogeza, akaliangalia lile povu la ndani limetulia katikati kabisa. Akaniuliza kama nataka kazi ya kukaa.

Siku ya kwanza alinipa msumeno, sanduku la pembe la kuuongoza ukate mshazari, na lundo la vipande vya mbao, akasema nikate pembe mpaka jioni. Nikakata. Jioni akaunganisha vipande vinne, akainua juu, na mwanga ukapita kwenye kona zote nne. Akasema hapo ukimtia tembo, tembo anatoka. Wachongaji wakacheka, mmoja akasema Anafi kaajiri mpishi. Nilikasirika, nikarudi kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, kabla yake, nikakaa mlangoni namsubiri na msumeno mapajani.

Aliyonifundisha ndiyo haya haya ninayowapigia kelele kila siku. Kioo kinachorwa mstari mara moja tu. Ukirudia kitapasuka kinakotaka chenyewe. Misumari midogo ya nyuma usiigonge kwa nyundo, igonge kwa ubavu wa patasi, ukiitelezesha juu ya hadibodi, la sivyo kioo kitalia na wewe utalia. Gundi ikizidi ifute kabla haijakauka, usijidanganye kwamba msasa utakusaidia. Na mgongo wa fremu uwe msafi kuliko uso. Mteja haangalii mgongo, alikuwa anasema Fundi, ndiyo maana mgongo ndio unaoonyesha wewe ni mtu gani. Wakati ule nilidhani anazungumzia mbao.

Picha zilizokuwa zinaletwa mnazijua, hazijabadilika. Tembo, twiga, mlima wenye theluji, Wamasai wembamba wamejipanga na mikuki. Wenye mabanda walitaka arobaini zinazofanana, na wachoraji waliwapa arobaini zinazofanana. Zuhura, ambaye nyie mnamwita Mama Tembo, alikuwa binti wa Temeke mwenye mdomo mkali, na alikuwa anaweza kuchora tembo huku anagombana na mtu, macho yapo kwa yule mtu. Tembo anatoka sawa sawa na wa jana.

Mwezi wangu wa pili au wa tatu kazini ikarudi fremu ya twiga, kioo kimepasuka. Fundi hayupo. Nikang'oa misumari, nikatoa hadibodi, na nyuma ya twiga nikakuta picha nyingine, imelala kifudifudi. Nikaigeuza. Alikuwa samaki kavaa sare za shule, anafanya mtihani chini ya maji, na wasimamizi ni kaa wenye miwani. Kwenye karatasi yake ya majibu kulikuwa na jicho, na lile jicho lilikuwa linaniangalia mie. Nikaweka patasi chini, nikasoma Kulhuwallahu mara tatu. Fundi aliporudi nilikuwa nimesimama nje.

Alicheka mpaka akakaa. Akaniambia niirudishe ndani, ile ni ya Kefa.

Ndivyo nilivyoingizwa. Kefa alikuwa kijana mrefu mtaratibu aliyetoka bara, Wamasai karibu wote wa pale Mwenge alikuwa anawachora yeye. Yeye na Zuhura na wengine sita au saba walikuwa na picha zao nyingine, zisizofanana na kitu. Hawakuweza kuzining'iniza popote. Wenye mabanda walisema zinafukuza wageni, na majumbani waliambiwa wanachora mashetani. Mama yake Zuhura aliwahi kumwita shehe aje aisomee picha moja, shehe akaitazama sana, akasema haina tatizo ila rangi ya bluu imezidi. Basi Fundi Anafi akawapa mahali pa kuweka: mgongoni. Kila fremu ya tembo isiyouzika upesi, nyuma yake kulikuwa na picha ya pili imelala baina ya tembo na hadibodi. Duka zima lilikuwa hivyo, na watalii wanapita wanauliza bei ya twiga.

Wenyewe walijiita Watu wa Mgongo. Walikutana Jumapili saa nane mchana tukishafunga, na walikuwa na sheria moja. Huwezi kuonyesha picha kabla hujasoma mgongo wake. Unaingia nayo umeigeuzia kifuani, na nyuma umeandika kwa mkono wako, Nimeiba kwa, halafu unataja. Kila mtu anaiba, alisema Fundi, tofauti ni wanaosema na wasiosema. Mtu akitaka kuchungulia mbele, Fundi anagonga meza: "Mgongo kwanza."

Yule samaki wa mtihani, nyuma yake Kefa aliandika: Nimeiba kwa kitabu cha baiolojia cha kaka yangu, kwa zimwi la bibi, kwa mwalimu wa hesabu, kwa homa. Zuhura aliiba kwa maua ya kanga, kwa makaratasi ya dawa ya mbu, kwa mabango ya sinema za ngumi za Kichina, kwa vinyago vya Wamakonde vya jirani, vile vyenye jicho moja na ulimi unaogeuka mguu. Wakishasoma, picha inageuzwa, na hapo ndipo kesi inapoanza. Na hiyo mikia je? Hukuitaja. Hiyo mikia umeitoa kwangu mwaka jana. Ukikutwa na kitu ulichoiba na hukukiandika, umekamatwa, na aliyekamatwa anawanunulia wote chai. Mie nilikuwa sichori, lakini nilikuwa na jicho, na niliwakamataga kuliko mtu yeyote. Jumapili zile ndizo ninazozikumbuka nikiwa peke yangu. Nilikuwa na watu. Nilicheka mle ndani mpaka kanga inanidondoka.

Kulikuwa na hatari moja tu, kuuza picha kwa bahati mbaya. Kwa hiyo Fundi akaweka alama. Fremu yenye kitu mgongoni, kamba yake ya kuning'inizia inafungwa kipande cha uzi mwekundu wa kufumia. Ukiona uzi mwekundu, haiuzwi. Mteja akiing'ang'ania unamwambia ina mwenyewe. Kazi ya kufunga nyuzi akanipa mie. Hakumpa mwingine yeyote, na hilo nililibeba kifua mbele.

Sasa nifike kwenyewe.

Zuhura alichora picha moja kubwa, futi tatu kwa nne, juu ya kitambaa cha amerikani. Ilimchukua miezi. Alikuwa bibi mkubwa anapita juu ya mabati ya Tandika. Shingo yake ni bomba refu, kichwa chake ni koki, na kwenye ile koki kunaning'inia tone moja la maji lililokataa kudondoka. Tumboni mwake, ukimwangalia karibu, zimo nyumba, na taa zinawaka, na watu wanakula. Miguu ni ya kuku. Nyuma aliandika: Nimeiba kwa mama yangu kwenye foleni ya maji, kwa madumu ya njano, kwa kuku wa jirani aliyekataa kuchinjwa. Alipoigeuza hakuna aliyefungua kesi. Kefa alikaa nayo mpaka jioni, akasema hii hata sijui niibe wapi.

Tulimwita Bibi Koki. Nikamlaza mwenyewe nyuma ya tembo mkubwa, nikafunga uzi.

Haikupita muda Zuhura akapata mtu wa mjini, mwenye ukumbi wa maonyesho, aliyesikia habari zake na akakubali kuja Jumatatu kuangalia. Kwa mchoraji wa tembo hilo si jambo dogo. Alinishika mikono yote miwili akaniambia, dada Somoe, nikipata hii siwachori tena tembo mpaka nife.

Alhamisi ya wiki hiyo Fundi alikwenda mazishini Mbagala, akaniachia funguo. Akaja mama mmoja na gari, anapamba nyumba ya wageni mikoani, hakusema mkoa gani na sikumwuliza. Akachagua tembo na twiga kumi na mbili. Ila hataki kamba, anataka waya, kamba zinaoza. Nikafurahi. Nikakaa chini na koleo, nikawa nakata kamba zote, moja baada ya moja, naweka waya. Nilifanya kazi safi. Migongo ile ilikuwa inang'aa. Akapakia, akaenda.

Jioni nafagia, nikaona kwenye unga wa mbao, kati ya vile vipande vya kamba, uzi mwekundu.

Niliuokota nikakaa sakafuni. Nilihesabu fremu ukutani, nikahesabu tena. Tembo mkubwa hayupo. Nilitoka nikaenda mpaka barabarani, kana kwamba gari lingekuwa bado linanisubiri. Nikarudi nikautia uzi kwenye kopo langu la misumari midogo, nikafunga duka, nikajiambia Fundi akirudi namwambia.

Ijumaa alirudi na macho mekundu ya msiba. Nikasema kesho.

Jumamosi Kefa akaja, Fundi hayupo, anamtafuta Bibi Koki. Alikuwa anamchora kwenye karatasi kwa kukumbuka tu na hana uhakika na vidole vya ile miguu. Akaniuliza: dada, yupo fremu ipi? Na mie, mwenye mdomo huu mnaoujua, nikamwambia atakuwemo tu, tafuta, nikatoka kwenda kuswali adhuhuri. Niliporudi alikuwa amefungua migongo mitano au sita. Akasema hajamwona. Nikasema basi labda Fundi kamhamisha.

Jumapili saa nane wote wakaja, na Zuhura kavaa gauni jipya. Tukafungua fremu zote. Mgongo baada ya mgongo, mpaka ukuta ukabaki misumari mitupu. Mchongaji wa banda la mbele, wala si mtu mbaya, akachungulia akasema jana alimwona Kefa peke yake humu anafungua fremu. Kefa akasema kweli, nilikuwa namtafuta nimchore. Akatoa karatasi mfukoni, akaifungua ili waone. Bibi Koki mdogo wa penseli. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa sheria, nyuma alikuwa ameshaandika: Nimeiba kwa Zuhura.

Zuhura akaisoma.

"Kaandika mwenyewe," akasema.

Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi sana tangu siku ile. Hakuna mtu mwingine hapa mjini ambaye angekamatwa kwa karatasi ya namna ile. Ilikuwa ni adabu yetu, na ikawa ushahidi. Kefa akageuka akaniangalia mie, akasema dada Somoe, jana si nilikuuliza? Wote wakaniangalia. Fundi Anafi akaniangalia.

"Uliniuliza," nikasema. "Halafu nikaenda kuswali."

Kila neno lilikuwa kweli. Nilijua wanavyolielewa, na nikawaacha walielewe hivyo. Mnataka kujua kwa nini? Kwa sababu nilikuwa mwanamke peke yangu kwenye ile safu yote, na nilisikia tayari lile neno la mpishi likirudi. Kwa sababu Fundi alinipa nyuzi mie. Niliogopa. Sina sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo na sijaitafuta.

Kefa hakugombana. Aliiacha ile karatasi mezani, akachukua brashi zake, akatoka. Yeye na Zuhura walikuwa wanakula sahani moja kila siku ya Mungu. Hawakusemeshana tena. Mtu wa mjini alikuja Jumatatu, akaonyeshwa picha zake nyingine ndogo ndogo, akasema atarudi. Jumapili mbili tatu wakaja watu wachache, kila mtu kashikilia picha yake kifuani na hataki kuiacha, halafu hawakuja. Zuhura akasema yeye sasa ni wa tembo tu. Fundi Anafi hakuniuliza kitu mpaka alipofariki. Siku moja aliniazima kopo la misumari, akalifungua, akakaa kidogo, akalifunga akanirudishia. Nilitamani anitukane.

Hayo yana miaka kumi na saba. Mmekuwa mnanicheka kwamba fremu ikirudi kubadilishwa kioo lazima niifungue mgongo mwenyewe, hata nikiwa naumwa. Sasa mnajua nilikuwa natafuta nini. Fremu zangu nyingi zimerudi, nyingine zimeliwa na mchwa, moja ilirudi na kiota cha mjusi. Yule tembo hajarudi. Yuko nyumba ya wageni mahali fulani, na Bibi Koki kamgeuzia uso ukutani.

Ningekufa nalo, nawaambia kweli. Ila mkaniandalia ile sherehe ya kuniaga, na pilau, na kanga, na Zuhura akasimama kusema. Mlimsikia. Alisema katika watu wote wa zamani wa duka lile, walikuwa wengi, na mmoja wao alimwibia kitu ambacho hajakisahau, ni mie tu ambaye yeye hajawahi kunitilia shaka hata siku moja. Mkapiga makofi. Nyie mlidhani nalia kwa furaha.

Asubuhi yake nikamfuata kwenye banda lake. Alikuwa anachora sikio la tembo. Nikavuta kigoda nikamwambia yote, yule mama, zile waya, uzi, na kwenda kuswali. Hakuinua macho. Brashi ilikuwa inakwenda, sikio likaisha, akaanza la pili. Halafu akauliza:

"Umemwambia Kefa?"

Nikasema bado.

"Sasa mie unaniambia nini?"

Nikakaa pale kama nusu saa, nikaona tembo akipata mkonga, nikanyanyuka.

Kefa nilisikia zamani kwamba yuko Kibamba, anachomelea. Nilishuka barabara ya Morogoro, nikamwuliza mama mmoja anayeuza nyanya kama anamjua Kefa fundi geti. Akasema yule wa mageti ya mashetani? Akanielekeza, na akanieleza bila kuulizwa kwamba mchungaji wake hayapendi, lakini yeye mwenyewe kaweka, na tangu aweke hawajaibiwa hata kuku. Nikakata kona ya kwanza. Mbele yangu geti la nyumba, la bati zito, rangi nyeusi. Chini kabisa, miguu ya kuku, ya nondo, kila kidole na ukucha wake. Nikapandisha macho taratibu. Tumbo lenye vidirisha vimekatwa, na nyuma yake ua wenye nguo zimeanikwa. Shingo ni bomba lenyewe. Na juu kachomelea koki, koki ya kweli ya bafuni, na chini yake tone la chuma.

Nilikaa kwenye jiwe la watu nikalia. Alikuwa yeye. Mie nilimpoteza kwa mchana mmoja, na hapa mtu kamkumbuka mpaka kucha.

Nilihesabu mageti manne kabla sijafika kwenye karakana. Kefa kaota mvi, lakini mtaratibu vile vile. Akavua miwani ya kuchomelea, akanitambua, akasema shikamoo dada. Hakuonyesha kushangaa wala kufurahi. Kulikuwa na geti jipya limeegemezwa ukutani, halijapakwa rangi, nikasogea kuligusa.

"Mgongo kwanza," akasema.

Tukalishika huku na huku tukalizungusha. Ndani, upande ambao anauona mwenye nyumba peke yake, chini ya komeo, kulikuwa na maneno madogo yaliyochomelewa: NIMEIBA KWA ZUHURA. Nikamwuliza kama yote yana maneno hayo. Akasema yote. Nikamwuliza kwa nini, na hukuiba?

"Niliiba," akasema. "Sikuichukua, lakini niliiba. Hivi ni vitu viwili, na nilidhani pale wote tunajua."

Basi nikamwambia. Nilimwambia nimesimama, nikatoa kopo la misumari kwenye mkoba, nikalifungua nikampa ule uzi. Umepauka, umekuwa wa waridi. Aliushika kwenye kiganja kama mtu anayepima uzito wake. Nilitegemea anifukuze. Kumbe yeye miaka yote hiyo hakunifikiria mie kabisa. Alijiaminisha kwamba Zuhura mwenyewe alimficha Bibi Koki, kwamba aliogopa kumpeleka mjini, akatafuta mtu wa kumsingizia.

"Nimemchukia bure," akasema. Akarudia tena, polepole, "Nimemchukia bure yule dada."

Hapo ndipo nilipojua ukubwa wa kitu nilichofanya. Nilikuwa nimekwenda kuomba msamaha kwa kosa moja, na kosa lilikuwa limezaa.

Akachomoa chaki sikioni akanipa. Akaonyesha mahali, chini ya yale maneno. Sikuuliza niandike nini. Nikaandika: NIMEIBA KWA KEFA JINA LAKE. Akasoma, akatikisa kichwa.

"Umekamatwa, dada. Hujamaliza."

Nikaandika tena: NA KWA ZUHURA RAFIKI YAKE. Mkono wangu haujanyooka siku hizi, herufi zimepanda kilima. Akasema zitakaa hivyo hivyo. Chaki inafutika, akavaa miwani yake, akaniambia nishike lile bati lisicheze na nifumbe macho. Nikalishika. Nilisikia joto linakuja mikononi, herufi moja baada ya moja, na sikuachia mpaka aliposema tayari.

Mwenye geti alipiga simu tukiwa bado tunalisubiri lipoe, mtu wa Boko, anauliza limekwisha au vipi. Kefa alikuwa amepiga magoti anaufunga ule uzi kwenye pete ya komeo, mafundo mawili. Akamjibu lako naanza kesho, hili haliuzwi. Akakata simu.

Akaniambia nimpelekee Zuhura habari kwamba Bibi yake yupo, amegeuzwa, hatageuzwa tena mpaka afike mwenyewe asome.

Nimempelekea. Aliweka brashi chini, na kwa miaka yote niliyomjua sijawahi kumwona akiiacha brashi ndani ya tembo ambaye hajaisha. Kaniuliza kitu kimoja tu, kama Jumapili saa nane itakuwa ni mapema sana kufika Kibamba.